Mume anataka tuhamie nyumba haijaisha na watoto bado wadogo, nifanyeje?

Shikamoo shangazi,

Naomba unishauri mwanao maana hili jambo limenizunguka kichwani mpaka usingizi sipati. Mimi ni mama wa watoto wawili, wa kwanza wa kiume ana miaka 4, mdogo wa kike ana mwaka na miezi miwili, ndo kwanza kaanza kutembea na kila anachokikuta chini kinaenda mdomoni. Tumepanga Tabata vyumba viwili na sebule, kodi tunalipa miezi sita sita na inaisha mwishoni mwa mwezi wa tisa, mwenye nyumba keshasema anapandisha.

Sasa mume wangu ana kiwanja Chanika, tumejenga kidogo kidogo tangu huyu mdogo hajazaliwa. Nyumba ni vyumba vitatu, sebule na jiko, tumeshapaua, bati lipo, lipu ya ndani imepigwa sebuleni na vyumba viwili, chini ni jamvi la rafu, dari hakuna kabisa ukiangalia juu unaona mbao na bati, madirisha yana grili ila hayana vioo wala wavu, mlango wa mbele na wa nyuma ipo lakini vyumbani hakuna. Wayaringi imepitishwa nusu na kijana mmoja wa hapo mtaani, nyaya zinaning'inia tu, Luku bado. Choo cha ndani sinki halijafungwa, na nyuma kuna shimo la choo limejengewa tofali ndani ila juu wameweka mabanzi na bati kuukuu, halafu pembeni yake kuna tanki la chini la maji walilokuwa wanatumia mafundi, nalo liko wazi.

Mume anasema kodi ikiisha hatoi tena hata shilingi, tunahamia tunamalizia tukiwa ndani kama wanavyofanya watu wote, na kweli majirani wengi kule walihamia hivyo hivyo. Mimi kuhamia sikatai shangazi, hata mimi nimechoka kupanga, ila nikiwaza wanangu ndani ya lile jengo moyo unanienda mbio. Nikisema, anasema nampinga, sitaki maendeleo. Mama mkwe naye anasema yeye amelea watoto saba kwenye nyumba ya udongo, mlango khanga, na wote wazima, sasa mimi nadekea nini na bati juu lipo.

Kingine ni hela. Tumevunja kikoba nimepata milioni 3 na laki mbili. Mume anataka tupige jipsamu na marumaru sebuleni ili ndugu wakija tusiaibike, vyumba vitafuata baadae. Mdogo wangu ananiambia nisitoe hata senti maana karatasi ya mauziano ya kiwanja ina jina la mume peke yake. Rafiki wa mume anasema tuchukue mkopo wa haraka haraka tumalize kila kitu. Yaani kila mtu ana lake.

Halafu huyu mkubwa tulivyompeleka kule alilia, anasema nyumba ina giza na hataki kulala. Na mdogo akivuta vumbi kidogo tu kifua kinambana anakohoa usiku kucha. Nikatae kabisa, au nikubali nimwachie Mungu?

Mama Wawili, Tabata

*

Marahaba mwanangu, na hongereni kwanza, maana kufikisha nyumba kwenye bati huku mnalipa kodi na mnalea watoto wawili wadogo siyo jambo dogo na naomba hilo mlitambue wote wawili kabla hamjaanza kubishana tena.

Jibu langu ni kwamba hamieni. Mumeo kwenye hela yuko sahihi, kodi ya miezi sita mingine iliyopandishwa ni hela ambayo ingemaliza vitu vingi kule Chanika. Ila wewe nawe uko sahihi, kwasababu ulichonieleza hapa bado ni saiti. Kwahiyo mnachotakiwa kukubaliana siyo kuhama au kutohama, ni nini kiwe kimeisha kabla mguu wa mtoto haujakanyaga pale, na nini kinaweza kusubiri hata miaka miwili bila kumdhuru mtu. Ukimwendea na maneno hayo hataona unampinga, ataona mnapanga.

Tuanze na kile nilichosoma nikasimama, shimo la choo na lile tanki. Mwanangu, hivi viwili vifungwe hata kama mngekuwa hamhamii, vifungwe wiki hii, maana hata watoto wa jirani wanapita hapo kuokota mpira. Mabanzi yanaoza na mchwa wanakula kwa chini huku juu yanaonekana mazima, bati linateleza, na mtoto wa miaka 4 akiona bati chini kitu cha kwanza ni kurukaruka juu yake ili lipige kelele. Mwite fundi amwage mfuniko wa zege wenye nondo, aumwagilie maji angalau wiki nzima usikauke haraka ukapasuka, na kumbukeni zege linahesabiwa siku 28 kufikia nguvu yake, ndio maana nasema wiki hii na siyo wiki ya kuhama. Tanki la chini nalo liwe na mfuniko mzito au wa chuma wenye kufuli, ufunguo ukae na mtu mzima. Na chemba zote za maji machafu ziangaliwe moja moja, hakuna kusema "hii ndogo".

Najua utaambiwa tanki halina maji mengi. Mtoto wa umri wa huyu wako mdogo anazama kwenye maji ya sentimita chache tu, hata ndoo ya kufulia inatosha, kwasababu kichwa chake ni kizito ukilinganisha na mwili wake, akiinama akitumbukia hawezi kujinyanyua, na anazama kimya kimya, halii wala hapigi kelele. Ndo maana kule mkihamia, maana maji mtakuwa mnayatunza kwenye mapipa na ndoo, kila chombo kiwe na mfuniko na kisichotumika kigeuzwe mdomo chini.

Umeme sasa. Huyo kijana aliyepitisha nyaya nusu simjui na simsemi vibaya, ila kazi hiyo inatakiwa ifanywe au angalau ikaguliwe na ithibitishwe na fundi mwenye leseni ya EWURA, ile mamlaka inayosimamia umeme na maji, na TANESCO wenyewe wanataka uthibitisho wa fundi wa namna hiyo ndio waje kuunganisha, kwahiyo hata mkikwepa leo mtakutana nalo mbele. Mwambieni akague eathi, ule waya wa kupeleka ardhini umeme unaovuja, kama kweli imezikwa, na awawekee ile breka inayokata yenyewe umeme ukivuja, siyo tu zile za kuzuia nyaya kuzidiwa. Soketi nunueni zile zenye vifuniko ndani ya matundu, ukiangalia unaona tundu limezibwa mpaka plagi iingie, na msinunue za bei ya chee zisizo na hicho kitu. Kama hamjaunganishiwa mpaka mwezi wa tisa, nawaomba sana msivute waya kutoka kwa jirani ukapita chini kwenye mchanga au juu ya kamba ya nguo. Sola ndogo ya taa tatu na kuchajia simu itawafaa mpaka Luku ije.

Kuhusu hela ya kikoba, hapa mimi simkubalii mumeo hata kidogo. Jipsamu na marumaru ya sebule ni ya wageni, na wageni wataondoka saa kumi na mbili jioni. Hiyo hela iende kwenye mifuniko niliyosema, choo cha ndani, umeme, na chumba kimoja. Chumba kimoja tu lakini kiishe kabisa, kiwe na mlango, dirisha lenye wavu, dari, na sakafu nzuri, na nyinyi wote wanne mlale humo miezi ya mwanzo. Vyumba vingine vikae kama vilivyo milango imefungwa. Watu wengi wanakosea kugawa hela kidogo kidogo nyumba nzima, kila mahali panakuwa na nusu ya kitu na hakuna hata sehemu moja unaweza kumwachia mtoto acheze ukaenda kupika.

Dari ya chumba hicho nasisitiza kwa sababu ya mbu. Watu wanadhani wakiweka wavu dirishani wamemaliza, lakini mbu wa malaria wanapenda sana kuingilia ule mwanya wa juu, kati ya ukuta na bati, na nyumba isiyo na dari ule mwanya uko wazi unamwaga mbu moja kwa moja kitandani. Kuna utafiti ulifanyika Gambia ukachapishwa 2009, nyumba zilizowekewa wavu milangoni na madirishani pamoja na kuzibwa huo mwanya, na nyingine zilizowekewa dari ya wavu tu, watoto wa humo waliokutwa na upungufu wa damu, ambao malaria huuleta, walikuwa wachache kuliko wa nyumba zisizofanyiwa kitu. Umeona hapo, hata dari ya wavu imesaidia, siyo lazima jipsamu. Kama hela inabana pigeni wavu mgumu juu kwenye mbao, zibeni mwanya, jipsamu itakuja siku yake. Na chandarua kibaki palepale.

Sakafu vilevile msiwaze marumaru. Jamvi la rafu lile linachubua magoti ya mtoto anayejifunza kutembea na kila ukifagia linatoa vumbi lake lenyewe, halafu vumbi ndilo linalombana kifua huyu mdogo. Mwambieni fundi alisawazishe apige niru vizuri, ile saruji laini ya juu, sakafu ya niru inang'aa, inapigika deki, tandika mkeka, watoto wacheze, hata miaka mitano itakaa. Marumaru zikija baadae fundi azikatie nje na kwa maji, kamwe asiwashe grainda ndani, maana lile vumbi jembamba linaelea hewani masaa mengi baada ya mashine kuzimwa na ndilo linaloharibu mapafu.

Na hilo la kifua naomba usisubiri kuhama, mpeleke kliniki sasa wamsikilize, ujue kama ni pumu au kitu kingine, uhamie ukiwa na dawa yake mkononi na unajua hospitali ya karibu na Chanika ni ipi na usiku mtafikaje. Lipu ya chumba chenu kama inahitaji skimingi, ule utando laini wa kusawazisha ukuta, pigeni mapema sana, msasa wake ndio vumbi baya kuliko yote, na ukuta upate wiki kadhaa za kukauka madirisha wazi, kwasababu mwezi wa kumi mvua za vuli zinaanza, na ukuta mbichi ukifungiwa ndani unaota ukungu, harufu ile ya kama kisima, na mtoto mwenye kifua hapo hapati nafuu. Tena mvua ikinyesha yoyote kabla ya hapo nendeni wote wawili mkasimame ndani muone bati linavuja wapi, ni rahisi kuziba kabla ya dari kuliko baada.

Mkishahamia, ujenzi utaendelea, sawa, lakini uwekeni sheria na mumeo ndiye awaambie mafundi, kwasababu wewe utaambiwa mama ana kelele. Siku fundi anafanya kazi ndani watoto hawapo ndani, waende kwa bibi, kwa shangazi yao, au kazi ifanyike siku mkubwa yuko chekechea na mdogo umembeba. Jioni fundi haondoki mpaka kaokota misumari yote, vipande vya waya, mabanzi na vipande vya bati, na eneo lifagiliwe kwa kumwagia maji kwanza. Mfuko wa saruji uliofunguliwa na zege bichi mtoto asishike, saruji mbichi inaunguza ngozi na haiumi hapohapo, unakuja kuona kidonda baada ya masaa. Hakikisheni kadi za kliniki zina chanjo zote maana pepopunda haina msamaha.

Kuna moja mafundi wetu wanalo na linaniumiza sana, kuweka tina ya kuchanganyia rangi, mafuta ya taa au dawa ya mchwa kwenye chupa ya soda au ya maji ya kunywa halafu chupa inaachwa dirishani. Mtoto wa miaka 4 anaijua chupa ya soda. Mwambieni fundi siku ya kwanza kabisa, kwenye nyumba hii hakuna kitu hicho, akikaidi mlipeni alichofanya mtafute mwingine. Na ikitokea mtoto kanywa, msimtapishe, ile kitu ikipanda tena inaingia kwenye mapafu, mkimbizeni hospitali na chupa yenyewe mkononi.

Jiko la mkaa kama jiko la ndani halijakamilika pikieni barazani, na usiku lisiingizwe chumbani ati kuna baridi ya mvua, hewa yake haina harufu na inaua watu wakiwa wamelala.

Mama mkwe wako usibishane naye, amelea saba na wewe umeolewa na mtoto wake wa saba au wa tatu sijui, mpe heshima yake. Lakini ukikaa naye vizuri mwambie mama, ile nyumba yako ya udongo haikuwa na shimo la futi kumi lililofunikwa bati, haikuwa na nyaya zinazoning'inia, haikuwa na tina kwenye chupa ya Fanta, na mlikuwa na macho ya mtaa mzima juu ya watoto. Chanika kule mwanzoni hamjui mtu. Halafu muombe aje akae nanyi wiki mbili tatu za kwanza, kwa kweli utamhitaji, na yeye mwenyewe akimuona mjukuu anavyoelekea kule nyuma ndiye atakayekuwa wa kwanza kudai mfuniko.

Huyu mkubwa usimlazimishe wala usimwambie mwanaume halii. Nyumba isiyo na taa wala dari kweli ina giza, na mvua ikipiga bati tupu kelele yake hata mtu mzima anashtuka. Mpelekeni mchana, mara ya kwanza mcheze nje tu mrudi, mara nyingine mle chakula mlichobeba, mwacheni achague upande wa kitanda chake na abebe mwenyewe mto wake siku ya kuhama, na godoro na shuka ziwe zilezile za Tabata, msimnunulie mpya siku hiyo. Akianza kukojoa kitandani tena au kukung'ang'ania, ni kawaida kwa mtoto aliyehamishwa, wiki chache linapita, usimchape na usimsimange mbele ya watu. Kulala wote chumba kimoja kutamsaidia zaidi ya maneno.

Hilo la mdogo wako kukwambia usitoe senti, anakupenda, ila hela usipotoa watakaolala na mbu ni wanao. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamzuia mwenza kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake hata kama jina ni lake peke yake, na mchango wako unatambulika, ila mchango unataka ushahidi. Kwahiyo lipa kwa simu siyo mkononi, risiti za duka la vifaa ziandikwe jina lako, uzitunze, na mkienda serikali ya mtaa kujitambulisha kama wakazi wapya nendeni wote wawili na majina yote mawili yaandikwe. Siku mtakapoanza kufuatilia hati, mwombe kwa upole muandikishwe pamoja, na usiifanye hiyo kuwa vita ya mwezi wa tisa.

Mkopo wa haraka hapana. Hiyo mikopo watu wenyewe wameibatiza kausha damu, na nyumba ambayo haina dari haiwezi kuvumilia marejesho ya kila wiki, utakuta mnauza bati. Nyumba itasubiri, hakuna anayewadai marumaru.

Sasa fanya hivi. Usimuanzishie usiku akiwa amechoka. Jumamosi asubuhi mwambie nimekubali tunahama mwezi wa tisa, twende Chanika na futi ya kupimia na daftari, tupime lile shimo, lile tanki na dirisha la chumba tutakacholala, halafu tupitie kwa fundi wa zege na fundi chuma tupate bei kabla ya chakula cha mchana. Akikuona umebeba daftari la kuhamia, mabishano mengi yatakuwa yamekwisha. Na fundi akisema mfuniko hauna haraka, mwambieni anaanza nao huo.